Barua ya wazi kwa wasimamizi wa umeme: waya wa mwisho kati ya nguzo na nyumba

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia usambazaji wa umeme wa majumbani katika pwani ya kusini, na kwa wenzenu mliokabidhiwa kazi ya kuidhibiti huduma hiyo,

Yah: Matengenezo ya nyaya za kuingiza umeme majumbani baada ya tufani

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mteja wa kawaida wa umeme wa nyumbani katika mji mdogo wa pwani ya mkoa wa Lindi. Ninaandika kuhusu waya mmoja tu: ule unaotoka kwenye nguzo ya mtaani, ukapita juu ya ua, ukafungwa ukutani kwa chuma na kushuka hadi kwenye mita. Mafundi wenu huuita sevisi laini, na katika barua hii nitauita waya wa kuingiza. Kwa nyumba nyingi urefu wake hauzidi mita 30, kwa kuwa huo ndio umbali ambao mteja huunganishwa bila kuongezewa nguzo. Ni kipande kifupi kuliko vyote katika safari ya umeme kutoka mtamboni, na ndicho ambacho baada ya tufani hakina mwenyewe.

Katika mvua za msimu uliopita, usiku wa manane, upepo uliingia kutoka baharini na kuvunja tawi la mwembe lililo kati ya kiwanja changu na cha jirani. Tawi liliangukia waya wa kuingiza. Waya wenyewe haukukatika, ila ulikivuta kile chuma cha kona kilichokuwa kimeushikilia, chuma kikang'oka pamoja na tofali tatu, na vyote vikalala juu ya bati la jiko na kwenye seng'enge tunayoanikia nguo. Kulipopambazuka nilimkuta mjukuu wangu mlangoni, ndoo mkononi, anataka kwenda kuokota kipande cha sabuni kilichokuwa chini ya ile seng'enge. Nilimdaka mkono kwa nguvu kiasi kwamba alilia, na sikumwomba radhi mpaka jioni.

Nilipiga simu ya dharura saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikapewa namba ya taarifa, ambayo bado ninayo. Siku ya pili jioni taa za mtaa ziliwaka, watoto wakapiga kelele kama ilivyo desturi yao, na muda si mrefu simu yangu ikapokea ujumbe kwamba tatizo langu limeshughulikiwa. Wakati ninausoma ujumbe huo kwa mwanga wa simu yenyewe, waya wangu ulikuwa bado uko juu ya bati, na kwa kuwa mtaa sasa ulikuwa na umeme, ulikuwa hatari kuliko ulivyokuwa mchana kutwa. Nilipiga tena. Aliyepokea alikuwa na adabu, akaangalia mtambo wake, akaniambia: "Mzee, mtaa wenu una umeme." Nikamjibu kwamba mtaa unao, ila mimi sina, na bati langu huenda linao. Alinipa namba nyingine.

Siku ya tano walikuja mafundi wawili wamechoka, nguo zao zimekauka matope. Walifungua waya kule kwenye nguzo, wakaukunja vizuri na kuuweka juu ya ua wa michongoma. Kisha mkubwa wao akanionyesha kile chuma kilicholala na tofali zake, akasema kwamba waya ni mali ya shirika, lakini chuma na ukuta ni vya mteja, kwa hiyo nitafute fundi wangu, akimaliza nipige simu upya. Nilimtafuta fundi mwenye leseni. Fundi akasema chuma atakijenga, ila anataka kujua kiwe na urefu gani na kitazame upande gani, kwa sababu hayo hutegemea waya, na waya si wake. Hapakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Alikijenga kwa kukisia. Nilipiga simu ya tatu. Mafundi wakarudi siku ya kumi na mbili, wakakikubali chuma, wakaukataa waya kwa kuwa ulikuwa umechubuka, na waya mpya haukuwepo ghalani; pia klampu na konekta zilikuwa zimeisha, zinasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Umeme uliingia nyumbani kwangu siku ya kumi na tisa.

Siandiki haya ili kumshitaki mtu. Mafundi wale walikuwa wamelala porini kwenye laini ya kilovolti 33 kabla ya kufika kwangu, na ninakubali kabisa mpangilio mnaoufuata: kwanza njia kubwa, kisha kituo cha kupozea, kisha laini za msongo wa kati, kisha transfoma, kisha laini ndogo za mitaani, na mwisho nyumba moja moja. Hakuna maana ya kumtengenezea mtu mmoja waya wake wakati nguzo kumi za laini kubwa zimelala. Ugomvi wangu uko mwishoni mwa mpangilio huo, kwa sababu hesabu yenu hufungwa kabla kazi haijaisha. Laini ya msongo wa kati ikiwashwa, taarifa husema huduma imerejea katika mji fulani kwa asilimia kadha wa kadha, na kuanzia dakika hiyo nyumba ambazo nyaya zake za kuingiza zimekatika hazionekani tena popote. Hazimo katika orodha ya wasio na umeme, kwa kuwa laini yao inao. Kila moja inabaki kuwa malalamiko binafsi ya mtu mmoja, yanayoshindana na la mwenye mita isiyopokea tokeni au mwenye nguzo iliyoinama tangu mwaka juzi.

Nitaeleza kwa nini kipande hiki kinastahili hesabu yake. Kwanza ni hatari inayolala uani mwa watu. Wengi huamini kwamba waya ukianguka chini fyuzi itakatika yenyewe na umeme utazimika. Ukianguka juu ya chuma kilichoshikana vyema na ardhi huenda ikawa hivyo. Lakini mchanga wetu wa pwani ukikauka hupitisha umeme kidogo sana, na umeme huo mdogo hautoshi kuikata fyuzi ya transfoma iliyowekwa kwa ajili ya kubeba mzigo wa nyumba nyingi. Waya utalala pale kimya, bila cheche wala mlio, ukiwa na volti zake 230 kamili, ukimsubiri kuku, mbuzi au mtoto. Bati la jiko nalo ni hivyo hivyo: likiwa juu ya miti mikavu halina njia ya kuupeleka umeme ardhini, hadi mtu aliyesimama peku aliguse.

Halafu kuna kukatika nusu, ambako watu hawakutambui. Katika waya wa kuingiza wa nyumba ya kawaida kuna njia mbili, moja ya kuleta na moja ya kurudisha, ile ambayo mafundi huiita nyutro. Tufani inaweza kuukata ule wa kurudisha na kuuacha mwingine mzima. Hapo taa zote huzimika, mwenye nyumba hudhani umeme umekwenda, anaanza kushika swichi na kufungua soketi, kumbe umeme umo, umepita kwenye vyombo vyake na kusimama upande wa pili ukitafuta pa kutokea. Nyutro ikikatika kwenye laini ya mtaani yenye fezi tatu, yaani njia tatu za kuleta umeme zinazotumia nyutro moja, mambo hugeuka: nyumba hii inapata umeme hafifu na ya jirani inapata mwingi mno, pengine ukikaribia volti 400, na asubuhi utasikia mtaa mzima ukihesabu friji na televisheni zilizoungua. Haya mnayajua kuliko mimi. Ninayataja kwa sababu mteja hayajui, na hakuna mtu aliyewahi kutubandikia hata karatasi moja ofisini kwa mtendaji wa kata kutueleza.

Siku kumi na tisa ni nyingi kwa mtu anayeishi kwa friji. Jirani yangu ni mama anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, na waya wake ulikatika usiku ule ule. Siku ya nne alichoka kusubiri. Alikuja kijana na ngazi ya miti na koleo lenye mikono iliyozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kwa shilingi 15,000 alipanda, akamenya nyaya kwa meno ya koleo, akazisokota, akazifunga kwa utepe mweusi, akashuka. Umeme ukawaka. Mnawaita vishoka, mnatuonya kila mwaka tusiwaite, na mna haki. Lakini mniruhusu niseme kwamba kishoka huyu alifika siku ya nne, na mama yule hakuwa anachagua kati ya fundi wenu na kishoka. Alikuwa anachagua kati ya kishoka na kumwaga ndoo mbili za juisi kwenye mchanga.

Ubaya wa kazi ile hauonekani siku ile. Waya wenu ni wa aluminiamu, na kilichokuwa kikining'inia ukutani kwa mama ni shaba. Ukizisokota shaba na aluminiamu pamoja, kisha ukaziacha katika hewa yetu yenye chumvi na unyevu, aluminiamu huanza kuliwa. Kiungo kinalegea, kinapata moto, kinalegea zaidi. Hutaona kitu isipokuwa taa kufifia kila friji inapowaka, hadi usiku fulani utepe uyeyuke juu ya ukingo wa makuti. Konekta inayofaa kuunganisha metali hizo mbili ni kidubwana kinachoenea kiganjani, kina meno yanayotoboa plastiki ya waya na grisi ya kuzuia unyevu, na hufungwa kwa spana moja. Kidubwana hicho ndicho kilichokuwa kimeisha ghalani.

Hapa ndipo ninapotaka kuikumbusha ofisi yenu barabara. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na magari yakapanga foleni pande zote mbili. Kwa siku zile mkoa wetu ulikuwa kama kisiwa. Wala Hidaya haikuwa ya kwanza: wazee wa Lindi wana habari za tufani ya Aprili 1952, iliyopiga mji wao na kuacha jina katika vitabu vya hali ya hewa. Kwa hiyo ghala la kusini linalosubiri konekta na klampu kutoka Dar es Salaam baada ya tufani limepangwa kwa kutegemea kwamba barabara itapona, na barabara hiyo inaharibiwa na mvua ile ile inayokata nyaya. Nguzo ni kubwa, zinatoka nyanda za juu kwa malori, naelewa kwamba haziwezi kurundikwa kila wilaya. Waya wa kuingiza ni rola tu. Rola kadhaa, masanduku kadhaa ya klampu na konekta, na fyuzi zake, vyote vinaenea katika chumba kimoja kidogo, na vinaweza kuwa ndani ya chumba hicho kabla ya Novemba, mvua za msimu zinapoanza kwetu.

Sasa suala la chuma. Mpaka kati ya mali yenu na mali ya mteja unaeleweka kwa sehemu kubwa: mita na kilicho kabla yake ni chenu, nyaya za ndani baada ya mita ni zetu. Kinachoning'inia katikati ni hiki chuma cha ukutani au bomba la kwenye paa, ambacho mteja hukijenga na shirika hukitumia. Wakati wa kuunganishwa hakileti shida, kwa sababu fomu ya maombi inapitia kwa mkandarasi, inapigwa muhuri, anakuja mpimaji, na kila mmoja anaona kilichopo. Kikivunjika, utaratibu ule wote unakuwa haupo. Hakuna fomu ya kukirudisha, hakuna mpimaji, kuna simu tu. Nimeambiwa kwamba katika sehemu nyingi za Marekani mpaka huo uko vile vile, waya ni wa kampuni na bomba la kuupokelea ni la mwenye nyumba, na vimbunga vyao huzaa ugomvi huo huo. Tofauti ni kwamba kampuni huwachorea wateja picha ya nyumba ikionyesha kipi ni cha nani, na kuwaambia mapema nani anaitwa kwanza. Sioni ni gharama gani kubwa iliyomo katika picha moja iliyochorwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi za kata na vituo vya kuuzia tokeni.

Kwa upande wangu ningeenda mbali zaidi, na nitasema hivyo ingawa ninajua mhasibu wenu hatafurahi. Chuma kinachoshika waya wa shirika kinapaswa kurudishwa na fundi wa shirika katika safari ile ile anayorudisha waya, angalau kwa nyumba za kawaida za ghorofa moja, kwa bei inayojulikana ambayo mteja atailipa kidogo kidogo kupitia mita. Namna hiyo ya kulipa si ngeni. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia manunuzi ya umeme, na nyumba ya kawaida sasa hukatwa shilingi 1,500 kila mwezi. Kama mita inaweza kubeba kodi, inaweza kubeba pia bei ya chuma na boliti nne. Kwa njia ya sasa fundi wenu amekuja kwangu mara tatu, na mara mbili kati ya hizo amerudi mikono mitupu. Gharama ya mafuta ya gari lile peke yake ingetosha kununua vyuma kadhaa.

Likiwa hilo haliwezekani, basi watumieni mafundi wenye leseni waliomo humu mjini. Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, kwa madaraja, na katika kila wilaya wapo watu wenye daraja linalowaruhusu kufanya kazi ya upande wa nyumba kihalali. Wapeni kipimo cha chuma kwa maandishi: unene wake, urefu kutoka ardhini, idadi ya boliti, na kwamba kipakwe zinki kwa sababu ya chumvi ya bahari. Fundi akishamaliza aweke muhuri wake na atume picha, ninyi mje mara moja tu, mkiwa na waya. Kijana mwenye koleo la tyubu ya baiskeli atakosa kazi siku hiyo bila ya kukimbizwa na polisi.

Kuna jambo dogo ambalo huenda wakubwa hawalioni kwa sababu hawakai foleni zetu. Zamani, umeme ulipokuwa unalipiwa mwisho wa mwezi, nyumba iliyokatika ilikuwa hasara kwa shirika kila siku inayopita. Mita haizunguki, pesa haiji. Chini ya LUKU, yaani mita ya kununua umeme kwanza ndipo utumie, nimelipa kabla. Usiku ule wa tufani mita yangu ilikuwa na uniti 41, zikakaa pale siku kumi na tisa zikinitazama. Pesa yake ilikuwa kwenu. Sisemi kwamba mtu yeyote alichelewa makusudi kwa sababu hiyo, ila nasema kwamba kile kilichokuwa kikiwasukuma kuharakisha kimeondoka, na hakujawekwa kitu kingine mahali pake. Wadhibiti ndio wenye uwezo wa kukiweka. Wakipima saa ambazo mteja anakaa gizani, wapime mpaka mita inapowaka na sio mpaka laini inapowashwa, na siku za tufani zisifutwe katika hesabu kwa kisingizio kwamba hazikuwa siku za kawaida. Kwetu sisi tufani ni sehemu ya msimu.

Kuna kazi moja ambayo haiwezi kusubiri zamu yake katika mpangilio ule niliousifu, nayo ni kuutenga waya ulioanguka. Kuurudisha kunaweza kuchukua siku tano au kumi, nitavumilia. Kuufungua pale kwenye nguzo ni kazi ya mtu mmoja, ngazi moja na glavu, na inapaswa kufanyika ndani ya saa chache baada ya taarifa, na kwa vyovyote vile kabla transfoma ya mtaa haijawashwa tena. Kila anayepiga simu na kusema waya uko chini aingizwe katika orodha yake peke yake, na mtu anayewasha laini awe nayo mkononi. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba zote. Mpigieni simu kabla ya kuwasha, atawatajia ni uani kwa nani kuna waya umelala. Hiyo ingemwondoa mjukuu wangu katika barua hii.

Na sisi tuna letu la kufanya, silikwepi. Ule mwembe ulikuwa umeegemea waya kwa misimu mitatu na mimi na jirani tulikuwa tukisubiriana nani aupunguze matawi, yeye akisema maembe ni yake ila kivuli ni changu. Katika mitaa yetu minazi imepandwa chini ya laini kana kwamba makuti hayadondoki. Wapo pia wanaowasha jenereta wakati umeme umekatika na kuichomeka kwenye soketi ya nyumba bila kuzima swichi kuu, hivyo umeme wao hurudi kinyumenyume kwenye nguzo, ukapanda katika transfoma na kuwa wa maelfu ya volti upande wa pili, mahali ambapo fundi wenu ameshika waya akijua umezimwa. Tangazeni hilo misikitini, makanisani na kwenye vikao vya mtaa kabla ya msimu, na mkate matawi pamoja nasi mwezi Oktoba. Mkitutajia siku, watu watatoka na mapanga.

Nyumbani kwangu sasa kuna chuma kipya, kimefungwa kwa boliti nne zilizopita ukuta wote hadi ndani, na waya mpya umelegezwa kidogo kama inavyotakiwa ili upepo uuchezeshe bila kuuvuta. Kwa mama wa barafu bado kuna kile kiungo cha utepe mweusi, karibu hatua kumi na mbili kutoka kwenye nguzo, juu kidogo ya paa la makuti la banda lake. Ameogopa kukitolea taarifa kwa kuwa atatozwa faini ya kumwita kishoka. Katika mtaa huu peke yake nimehesabu viungo vya namna hiyo vitano, na ninaomba kwamba kabla ya Novemba mtume fundi mmoja mwenye sanduku la konekta apite nyumba kwa nyumba avibadilishe, bila kumuuliza mtu nani alivifunga. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia nitakapotakiwa kumwonyesha fundi huyo nyumba zenyewe, tutatoka pamoja.

Wasalaam,

Mteja wenu wa mita ya nyumbani,
Mwalimu mstaafu, pwani ya kusini